Moshi wa Moto na Mgonjwa wa Pumu: Tiba Inasema Nini, na Sheria Yetu Inatutaka Nini

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tarehe 24 Septemba 2015 Waislamu wengi wa Indonesia walitoka kuswali Idi ya kuchinja. Katika miji ya Sumatra na Kalimantan watu walisimama safuni wakiwa wamevaa barakoa, na walio nyuma hawakumwona vizuri imamu aliye mbele. Haukuwa ukungu wa asubuhi. Ulikuwa moshi wa misitu na mashamba yaliyochomwa ili kusafisha ardhi, na kiangazi kirefu cha mwaka ule kikaufanya moto ushindikane kuzimika. Kwa makisio ya Benki ya Dunia, ardhi iliyoungua kati ya Juni na Oktoba ilifika hekta milioni 2.6. Serikali ya huko ilihesabu zaidi ya watu laki tano walioshikwa na maradhi ya njia ya hewa.

Moshi ule ulivuka bahari. Singapore ni kisiwa, na hakikuchoma msitu wowote, lakini siku ya pili yake, tarehe 25 Septemba, skuli zake zilifungwa kwa sababu ya hewa chafu iliyotoka kwa jirani. Malaysia nayo ilifunga skuli zake katika majimbo kadhaa.

Ndugu zangu wa visiwani, kwa nini tunaanza na habari za mbali? Kwa sababu zina mafunzo mawili kwetu. La kwanza ni kuwa maji yanayotuzunguka hayatukingi na moshi. La pili ni kuwa aliyewasha moto hakuwa na haja ya kumchukia mtu ili amdhuru. Alitaka kusafisha shamba tu. Na sisi, kila kiangazi, tunachoma vichaka vya maweni kabla ya kulima, tunachoma majani na taka nyuma ya nyumba, tunawasha matanuri ya chokaa na ya makaa. Moto wetu ni mdogo kuliko wa Kalimantan. Lakini kwa mtoto mwenye pumu anayelala nyumba ya pili, kifua chake hakiulizi moto ule ulikuwa wa hekta ngapi.

Makala hii inaeleza moshi unamfanya nini mgonjwa wa pumu, nini cha kufanya siku ya moshi, na wanazuoni wamesema nini juu ya mambo yanayoulizwa sana: dawa ya kuvuta ndani ya Ramadhani, kuacha jamaa, udi, na dhima ya aliyewasha moto.

Moshi una nini ndani yake?

Moshi tunaouona ni mchanganyiko wa gesi na chembe ndogo sana za vitu vilivyoungua. Chembe zinazoleta madhara makubwa zaidi ni zile zisizozidi maikromita 2.5. Ukitaka kupata picha, unywele mmoja wa kichwani una upana wa karibu mara thelathini ya chembe hiyo. Vumbi kubwa linanaswa na pua na koo, kisha tunalipiga chafya au kulikohoa. Chembe hizi hazinaswi. Zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyengine zinaingia katika damu.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 limeshauri kuwa hewa ya siku nzima isizidi maikrogramu 15 za chembe hizo katika kila mita moja ya ujazo. Huko Palangkaraya, mji wa Kalimantan, kipimo cha uchafu wa hewa cha serikali mwaka 2015 kilipita 1,000, na katika kipimo hicho 300 tayari huitwa hatari.

Moshi wa taka una ubaya wa ziada. Plastiki, mifuko, matairi na mbao zenye rangi vikiungua vinatoa sumu ambazo majani makavu hayana. Kwa hiyo moto wa jaa hata ukiwa mdogo si jambo la kupuuza.

Kwa nini mgonjwa wa pumu anaumia zaidi?

Pumu ni ugonjwa wa mirija ya hewa. Mirija ya mgonjwa ina uvimbe wa ndani kwa ndani hata siku anapojiona mzima, na ni myepesi kukasirika. Moshi ukiingia, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Misuli iliyozunguka mirija hujibana. Ngozi ya ndani ya mirija huvimba. Kisha makohozi mazito huongezeka na kuziba nafasi ndogo iliyobaki. Ndipo husikia kifua kinapiga mluzi, anakohoa usiku, na kila pumzi inakuwa kazi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa mgonjwa wa pumu hupata tabu zaidi ya kutoa pumzi kuliko kuiingiza. Hewa iliyotumika inanasa ndani, na mpya haipati pahala. Ndiyo maana kumwambia "vuta pumzi nyingi" hakumsaidii sana.

Hali hii imepimwa. Katika mioto mikubwa ya Australia ya mwaka 2019 na 2020, watafiti walikisia kuwa moshi ulisababisha vifo 417 vya ziada, na watu 1,305 kukimbizwa vitengo vya dharura kwa sababu ya pumu. Mwaka 2023 moshi wa misitu ya Canada uliposhuka Marekani, siku za moshi watu waliokwenda vitengo vya dharura kwa pumu walizidi kawaida kwa asilimia 17 kwa nchi nzima. Hao walikuwa mamia ya maili kutoka kwenye moto.

Madhara hayaishi moto ukizimika. Mirija iliyokasirishwa inaweza kubaki nyepesi kwa siku kadhaa, na mafua kidogo au vumbi dogo likamwangusha mgonjwa ambaye wiki iliyopita alikuwa anacheza mpira. Walio katika hatari zaidi ni watoto wadogo, wazee, wajawazito, na wale ambao pumu yao haijadhibitiwa, yaani wanaamka usiku kwa kukohoa au wanatumia dawa ya nafuu kila siku.

Pumu pia haiambukizi. Hakuna sababu ya kumtenga mtoto chuoni wala kumficha binti kwa kuogopa maneno ya watu. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na 455,000 walifariki kwa ajili yake. Wengi wa waliofariki walikuwa katika nchi ambazo dawa hazipatikani kwa urahisi au hazitumiki ipasavyo.

Dawa mbili, kazi mbili

Dawa za kuvuta, zile tunazoziita pampu au inhela, ziko za aina mbili, na kuzichanganya kumeleta misiba.

Ya kwanza ni dawa ya nafuu. Inayojulikana zaidi ni salbutamol, na mara nyingi kopo lake ni la buluu. Inalegeza misuli iliyojibana, na inafanya kazi ndani ya dakika chache. Hii ni ya wakati wa kubanwa.

Ya pili ni dawa ya kinga, ambayo inapunguza ule uvimbe wa ndani. Haitoi nafuu ya papo hapo, kwa hiyo wagonjwa wengi wanaiacha wakidhani haifanyi kazi. Hakika hii ndiyo inayomfanya mgonjwa asibanwe siku jirani anapochoma shamba. Inatumika kila siku kama alivyoelekeza daktari, hata kama mtu anajiona hana neno.

Kuna usemi mitaani kuwa ukianza pampu hutaiacha tena, au kuwa pampu ni ya mtu aliyekaribia kufa. Usemi huu si kweli. Dawa ya kuvuta inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu kwa kiasi kidogo, na haileti uraibu. Mtu anayeendelea kuitumia anaendelea kwa sababu ugonjwa upo, kama mwenye sukari anavyoendelea na dawa yake.

Na asiseme mtu kuwa kutumia dawa ni upungufu wa tawakkul. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha masahaba zake kutafuta dawa, na akawafundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Kumsomea mgonjwa ruqya ni jambo jema, na kumpa dawa ni jambo jema. Mzazi anayeshika moja na kuacha jengine hajakamilisha kazi yake.

Siku ya moshi: tufanye nini nyumbani?

Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha, na nyengine ni za makuti. Kufunga mlango peke yake hakutoshi. Fanya hivi:

1. Chagua chumba kimoja, kile ambacho kiko upande usiopigwa na upepo wa moshi. Ziba matundu na mianya kwa kanga au mashuka. Mweke mgonjwa humo mpaka moshi upungue, kisha fungua hewa iingie. Joto likiwa kali na mgonjwa anazidiwa, usimfungie humo. Mpeleke kwa jamaa wanaokaa mbali na moshi.

2. Usiongeze moshi ndani. Siku hiyo hakuna kuni wala makumbi karibu na chumba hicho, hakuna chetezo, hakuna dawa ya mbu ya kuwasha, na hakuna sigara.

3. Asikimbie wala asifanye kazi nzito. Anayekimbia anavuta hewa nyingi zaidi, na pamoja nayo moshi mwingi zaidi.

4. Dawa ya nafuu iwe mkononi, si kabatini. Hakikisha haijamalizika wala haijapita muda wake. Dawa ya kinga isirukwe.

5. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali ya kawaida hazizuii chembe ndogo. Kitambaa kilichorowanishwa nacho hakizizuii, ingawa kinampa mtu hisia ya ubaridi. Barakoa inayosaidia ni ile nzito inayoitwa N95 au ya daraja hilo, ikiwa imekaa sawasawa usoni. Mgonjwa akiona inamzidishia tabu ya pumzi, aivue na atolewe kwenye moshi.

6. Maziwa hayasafishi mapafu. Ni chakula kizuri, lakini yanapita njia ya tumbo, na moshi umepita njia nyengine. Vilevile usimfukize mtoto aliyebanwa kwa moshi wa majani au mitishamba ili "kifua kifunguke". Unamwongezea kile kile kilichomuumiza.

Akibanwa

Mkalishe wima. Usimlaze. Mtulize, mtaje Allah mbele yake, na usimzunguke na watu wengi. Bonyeza dawa ya nafuu mara moja, avute pumzi nne. Rudia hivyo mpaka umebonyeza mara nne. Subiri dakika nne. Kama hajapata nafuu, rudia tena mara nne, na huku mnatafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Endeleeni hivyo hivyo njiani.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa moja kwa moja kutoka kwenye kopo, nyingi inabaki mdomoni. Vipo vyombo maalumu vya kupitishia dawa hiyo. Kama hamna, chupa safi ya plastiki ya maji ya nusu lita inaweza kufanya kazi hiyo, na madaktari wa Afrika ya Kusini wameipima wakaiona inafaa. Toboa tundu chini ya chupa kwa kipimo cha mdomo wa kopo la dawa, likae bila ya kuacha nafasi. Mtoto anaweka mdomo wake kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza dawa upande wa pili, naye anapumua taratibu. Itengeneze leo, kabla ya kuihitaji.

Usingoje hata kidogo ukiona dalili hizi: hawezi kumaliza sentensi, midomo au kucha zinageuka rangi, ngozi baina ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta, anasinzia au anachanganyikiwa. Na tahadharini na jambo hili: kifua kilichokuwa kinapiga mluzi kikinyamaza ghafla huku mgonjwa bado anahangaika, kule si kupona. Ni kuwa hewa karibu haipiti kabisa.

Dawa ya kuvuta na funga ya Ramadhani

Wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana katika suala hili, na ni vizuri msomaji akajua kauli zote mbili.

Baadhi yao, akiwamo Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, wamesema dawa ya kuvuta haifunguzi. Hoja yao ni kuwa si chakula wala kinywaji, wala haina maana ya chakula, na makusudio yake ni mapafu wala si tumbo.

Wengine, na wamo wengi katika wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, wamesema inafunguza, kwa sababu ni kitu chenye kiwiliwili kinachoingia ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi. Kwa kauli hii, aliyeitumia mchana wa Ramadhani atailipa siku ile baada ya Ramadhani.

Lakini tafadhali tuone pale ambapo hawakukhitalifiana. Hakuna katika kauli hizi mbili inayomtaka mgonjwa aliyebanwa asubiri adhana ya Magharibi. Khitilafu ni juu ya kulipa siku, si juu ya kuokoa roho. Mwenye kubanwa atumie dawa yake pale pale. Akiwa anafuata kauli ya pili, deni lake ni siku moja, na mlango wa kulipa uko wazi. Anayejizuia mpaka akafikwa na mauti ameingia katika kuiangamiza nafsi yake, jambo ambalo Qur'ani imelikataza.

Dawa ya kinga mara nyingi hutumika asubuhi na jioni, na kwa wengi inaweza kupangwa baada ya futari na wakati wa daku. Muulize daktari wako kabla ya Ramadhani kuingia. Mgonjwa ambaye funga inamzidishia maradhi amepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Asiyetarajiwa kupata nguvu ya kufunga tena atatoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Ama moshi wenyewe, ulioingia puani au kooni bila ya mtu kuukusudia, haufunguzi, kama lisivyofunguza vumbi la njiani.

Kuacha jamaa na Ijumaa

Ugonjwa ni udhuru wa kuacha swala ya jamaa na ya Ijumaa, na kuogopa kuzidiwa na ugonjwa kunaingia humo. Imepokewa kuwa Ibn Abbas (r.a.) siku ya mvua na matope alimwamuru muadhini awaambie watu waswali majumbani mwao. Tope halikuwa linaua. Basi moshi unaombana mtu pumzi una haki zaidi ya kuwa udhuru. Mwenye pumu aswali nyumbani, Ijumaa aiswali Adhuhuri, wala asione haya.

Udi, ubani na buhuri

Manukato ni katika mambo aliyoyapenda Mtume (s.a.w.), na udi ni sehemu ya ada zetu katika ndoa, maulidi na misikiti yetu. Hatusemi watu waache. Tunasema udi ni sunna na ada njema, na kumlinda mtu na dhara ni wajibu. Viwili vikikutana, wajibu unatangulia.

Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu thomu kibichi asiukaribie msikiti mpaka harufu iondoke, kwa kuwa inawaudhi wenzake na malaika. Ikiwa harufu ya mdomo imezingatiwa kiasi hicho, vipi moshi unaomtoa mtu msikitini akikohoa? Inatosha kufukiza mapema na kufungua madirisha kabla ya watu kuingia, au kutumia mafuta mazuri badala ya chetezo, pale inapojulikana kuwa mna mgonjwa. Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Buhuri ya kuondoa husda isiwashwe chumbani kwa mtoto mwenye pumu. Dhikri na adhkari za asubuhi na jioni hazina moshi.

Aliyewasha moto ana dhima gani?

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii. Katika misingi mikubwa ya fiqhi yetu ni ule unaotokana na hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kukataza mtu kumdhuru mwenziwe, awe ameanza yeye au analipiza. Na katika haki ya jirani, Mtume (s.a.w.) aliapa kuwa hajaamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Hakusema shari alizozikusudia tu.

Mafaqihi walizungumza juu ya moto karne nyingi kabla ya kujulikana chembe za maikromita. Wamesema mtu ana haki ya kuwasha moto katika milki yake kwa kiasi cha kawaida. Lakini akiuwasha mkubwa kupita kawaida, au wakati wa upepo mkali, ukaruka na kuunguza mali ya jirani, analipa. Hawezi kujitetea kuwa shamba ni lake.

Baada ya msiba wa 2015, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa namba 30 ya mwaka 2016 juu ya uchomaji wa misitu na ardhi. Fatwa ile ilisema kuchoma msitu na ardhi kunakoleta uharibifu, uchafuzi na madhara kwa watu na afya zao ni haramu. Ikaongeza kuwa kumsaidia mchomaji, kumwachia tu au kupata faida kutokana na uchomaji huo ni haramu pia, na kuudhibiti moto ni wajibu. Kutumia ardhi kumeruhusiwa, kwa sharti mtu awe na haki halali, awe na ruhusa, pawe na maslahi, na pasiwe na uharibifu. Tuzingatie neno la "kumwachia tu". Kwa fatwa ile, anayenyamaza na ilhali anaweza kuzuia ana sehemu yake.

Pamoja na hayo, haki inataka tuseme na upande wa pili. Mkulima wa maweni hachomi kwa ufisadi. Jembe haliingii kirahisi katika mawe, na moto ni njia aliyoachiwa na wazee wake. Mama anayepikia makumbi hana pesa za gesi. Na moshi wa jikoni unaanza kumdhuru yeye mwenyewe: Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa moshi wa kupikia majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kwa hiyo anayekatazwa asaidiwe pia. Jamaa mwenye uwezo akimnunulia shangazi yake jiko na mtungi wa gesi kwa sababu mjukuu wake ana pumu, tunataraji kuwa ni katika sadaka bora.

Kwa anayelazimika kuchoma, haya ni machache ya kuzingatia:

- Waarifu majirani siku moja kabla, na sheha pia. Mwenye mgonjwa apate nafasi ya kumwondoa.
- Tazama upepo unaelekea wapi. Ukielekea nyumbani kwa watu au ukiwa mkali, ahirisha.
- Safisha ukanda mpana kuzunguka shamba, weka maji na watu karibu, na usiondoke mpaka jivu lipoe. Usiwashe jioni ukaenda kulala. Mtume (s.a.w.) alitukataza kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba tunapolala.
- Usichome plastiki wala matairi kabisa. Majani yanaweza kufukiwa yakawa mbolea, au kutandazwa shambani yakashika unyevu.

Na kwa mwenye mgonjwa: mwendee jirani yako kwa upole kabla ya kiangazi, usingoje mpaka moshi uingie ndani na hasira zikupande. Mwambie, "Mwanangu ana pumu, naomba ukitaka kuchoma uniarifu." Wengi wanaodhuru hawajui kuwa wanadhuru. Akikaidi, mpeleke kwa sheha au kwa imamu wa mtaa, wala usilipize.

Neno la mwisho

Mwezi wa Septemba 2019 moto ulirudi Sumatra. Watu wa Pekanbaru walitoka kuswali swala ya kuomba mvua, na Rais Joko Widodo akaswali pamoja nao. Nasi tunafundishwa kuomba. Lakini istisqaa huambatana na toba na kurudisha haki za watu, na pumzi ya jirani ni katika haki hizo.

Basi kabla hujawasha kiberiti, uliza upepo huu unakwenda kwenye kifua cha nani.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape wasaa wa pumzi waliobanwa, na utujaalie tuwe salama kwa majirani zetu nao wawe salama kwetu. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.

*Maelezo ya tiba katika makala hii ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya daktari. Mwenye suala mahsusi la funga au la ugomvi wa moto na jirani amuone mwanachuoni aliye karibu naye, kwani fatwa hubadilika kwa hali ya muulizaji.*